Filingi nyeupe na asidi: venye utajua inaliwa, na venye utaifanya ikae

Kuna lalamiko moja nililisikia mpaka nikalizoea wakati nilikuwa msaidizi kwa kliniki ya meno huku Nakuru. Mtu anaingia, hata hajaketi vizuri kwa kiti ashaweka kidole kwa jino, anasema hii filingi mliniwekea imeinuka. Mmoja alikuwa dereva wa matatu za kwenda Kisumu, na huyo sitamsahau ju alikuja na hasira kweli. "Daktari, hii kitu yenu inatoka nje, ulimi wangu unaigonga kila saa, kwani nililipa niwekewe kitu ya kutoka?" Daktari akawasha taa, akaangalia pole pole, akachukua kioo kidogo akamwonyesha. "Baba, filingi iko palepale niliiacha. Jino lako ndio limeshuka."

Jamaa akanyamaza, alafu akauliza swali la maana, jino linashuka aje na halijaoza?

Hilo ndilo nataka tuongelee hapa, na venye utajiangalia mwenyewe na kitu utafanya. Mimi si daktari, kazi yangu ilikuwa kushika mrija wa kufyonza mate na kukoroga dawa kwa kile kijikaratasi, lakini ukikaa karibu na mdomo wa watu miaka yote hiyo unaona mambo. Na mimi mwenyewe pia yamenipata, nitafika hapo.

Sasa, ile sehemu ngumu nyeupe ya nje ya jino, enameli, karibu yote ni madini, kalsiamu na fosfeti, kama asilimia 96 kwa uzito. Ukipima uchachu na kile kipimo cha pH, maji safi ni 7, na ukishuka chini ya kama 5.5 hivi enameli inaanza kuyeyuka. Ndani yake kuna dentini, ile ya rangi ya manjano, na hiyo ni laini zaidi, inaanza kuyeyuka hata kabla ya kufika hapo. Soda nyeusi iko karibu na 2.5. Maji ya limau yenyewe, bila kuchanganywa, ni kama 2 na kitu. Na usidhani kutoka 5.5 hadi 2.5 ni hatua tatu ndogo, kila namba moja ukishuka ni mara kumi, kwa hivyo hapo tumeongea mara elfu moja. Asidi hii haijatengenezwa na vijidudu vinavyokula sukari, hiyo ni kuoza kwa kawaida, hii imeingia yenyewe kwa kikombe ama imepanda kutoka tumboni, na inaosha jino lote hata ukiwa msafi namna gani. Ndio maana watu wanashangaa, wanasema lakini mimi napiga mswaki mara tatu kwa siku. (Hizo mara tatu zenyewe pia zinaweza kuwa shida, ngoja.)

Kama hujaamini, fanya hivi jikoni. Chukua yai bichi, weka tone la rangi ya kucha kwa ganda lake, liache likauke vizuri, alafu litumbukize kwa gilasi ya siki usiku mzima. Asubuhi ganda limelika, limekuwa laini, lakini pale palikuwa na rangi ya kucha ganda limebaki na limeinuka kama kisiwa. Ganda la yai si enameli, lina kemia yake, ila picha ni ileile. Filingi ni lile tone, jino ni ganda. Ama kama hutaki kuharibu yai, fikiria zile viraka za barabarani ambapo lami ya zamani imeliwa na mvua na malori mpaka kiraka ndicho kimebaki juu kama tuta, matatu ikipita mnaruka wote.

Kwanza basi ujue una nini mdomoni. Watu wengi wanasema tu "filingi nyeupe" na kumbe hapo kuna vitu viwili tofauti kabisa, na asidi haivichukulii sawa.

Cha kwanza ni kompositi. Hii ni plastiki ngumu iliyochanganywa na unga wa glasi ama silika laini sana, na katikati ya glasi na plastiki kuna gundi ya kemikali ya kuzishikanisha. Plastiki yake kuu, ile wanaita Bis-GMA, ilitengenezwa na Mmarekani Rafael Bowen, hataza yake ni ya 1962. Utaikumbuka ju ya ile taa ya bluu, daktari anaweka kidogo, anapiga taa sekunde kama ishirini, anaongeza, anapiga tena. Na kabla ya hapo jino linapakwa jeli, mara nyingi ya rangi ya bluu, alafu linaoshwa. Hiyo jeli, utacheka, ni asidi. Asidi ya fosfori ya kama asilimia 37, inawekwa sekunde chache makusudi ili iikwaruze enameli ipate vishimo vidogo vya gundi kushika. Aliyeanzisha mchezo huo ni Michael Buonocore mwaka 1955. Kwa hivyo asidi kwa jino si uchawi, madaktari wanaitumia kila siku, tofauti ni kwamba wao wanajua wanaiwacha wapi na muda gani, wewe unaiwacha kwa soda ya saa nne nzima.

Cha pili ni glasi ayonoma. Hii ndio nilikuwa nakoroga mimi. Unga wa glasi wenye floraidi, ile ya kwa kolgeti inayolinda jino, na maji mazito ya asidi, unachanganya haraka na kijiko bapa mpaka inang'aa, na lazima iingie kwa jino kabla huo mng'ao haujapotea, la sivyo haishiki vizuri. Ilitengenezwa Uingereza na Wilson na Kent, waliitangaza kwa mapana mwaka 1972. Uzuri wake inashika jino yenyewe bila gundi nyingine, inatoa floraidi pole pole, na haina maringo na unyevu kama kompositi, ndio maana unaiona sana kwa watoto, kwa wazee, kwa mashimo ya karibu na ufizi na kwa zile kliniki za kutembelea shule ambazo hazina stima ya kutosha. Ule mtindo wa kukwangua jino kwa vifaa vya mkono tu bila mashine alafu unajaza, ambao leo unatumia sana glasi ayonoma, ulianzia hapa jirani, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Karibu sana na nyumbani na watu wengi hawajui.

Kuna pia aina za katikati, glasi ayonoma iliyotiwa plastiki kidogo, nayo inapigwa taa. Kwa hivyo taa peke yake haitoshi kukuambia ni gani. Njia rahisi ni kuuliza, "Daktari, hii umeniwekea ni kompositi ama ni glasi ayonoma?" na umwombe aandike kwa kadi yako. Hakuna daktari mzuri atakasirika kwa hilo swali.

Sasa asidi ikija. Glasi ayonoma inaumia moja kwa moja. Imetengenezwa kwa asidi kushikana na metali zilizotoka kwa glasi, kalsiamu na aluminiamu, na asidi ya limau ama machungwa inapenda hizohizo kalsiamu na aluminiamu, inazing'oa inaondoka nazo. Uso wa filingi unakuwa kama ukuta wa udongo baada ya mvua ya mawe, unapoteza ulaini, unapungua kimo, unashika rangi. Filingi ikiliwa kwa kasi kuliko jino unapata shimo, ulimi unaingia. Ila wakati inayeyuka hivyo inatoa floraidi na inapunguza makali ya ile asidi iliyo karibu, kwa hivyo si hasara tupu, lakini ukiwa mtu wa asidi kila siku itaisha.

Kompositi haiyeyuki hivyo. Ukiiweka kwa soda siku moja hutaona chochote kwa macho. Shida yake ni ya kunyemelea. Maji na asidi vinaingia kwa plastiki kidogo kidogo, vinalainisha uso, vinavunja ile gundi ya kati ya glasi na plastiki, mswaki ukipita punje za glasi zinang'oka moja moja na uso unabaki na vishimo. Utajua kwa sababu filingi iliyokuwa inang'aa imefifia, na chai ya rangi imeanza kuiwacha na kivuli. Uso ukishakuwa na mikwaruzo utando wa vijidudu unashika kwa urahisi, na hapo sasa kuoza kwenyewe kunakaribishwa. Pombe kali pia inalainisha hiyo plastiki, na dawa za kusukutua zenye spiriti ukizitumia kila siku, hilo watu wengi hawaambiwi.

Lakini mimi kwa maoni yangu uharibifu mkubwa wa kompositi hauko kwa kompositi, uko kwa mpaka. Jino kando yake linashuka, filingi inabaki, pale katikati kunabaki ukingo, alafu mfereji, alafu kamstari ka kahawia. Watu wanarudi kliniki wakisema filingi ni mbaya na wanabadilishiwa, na kila ukibadilisha daktari lazima atoe na jino kidogo, shimo linazidi kuwa kubwa, na wewe unarudi nyumbani kwa ileile chupa.

Jiangalie hivi. Simama mahali pana mwanga wa dirisha, taa ya simu pia inasaidia, kausha jino na kitambaa safi ju mate yanaficha kila kitu. Pitisha ulimi, alafu kucha pole pole kutoka jino kwenda filingi. Ukisikia inapanda ngazi, filingi imeinuka ama tuseme jino limeshuka. Ukisikia inashuka shimoni, filingi ndio inaliwa. Angalia pia magego, pale juu penye vilima vya kutafunia, kama kuna vibakuli vidogo vya manjano kwa ncha za vilima hiyo ni asidi. Meno ya mbele ncha zake zikiwa kama kioo, mwanga unapita, hiyo pia. Jino linaweza kung'aa sana na kuwa laini kama limepigwa polishi na mtu akafurahi, kumbe alama zake za asili zimefutika. Meno ya juu ya mbele yakiwa yameisha kwa upande wa nyuma, ule unaoguswa na ulimi, mara nyingi asidi imetoka tumboni. Piga picha, hifadhi, piga tena baada ya miezi mitatu mahali palepale na mwanga uleule, ju jicho husahau na picha haisahau.

Alafu uwinde asidi inatoka wapi. Chukua siku nne, ikiwemo wikendi moja, andika kwa simu kila mara kitu cha uchachu kimeingia mdomoni. Andika ni mara ngapi na umekaa nayo muda gani, hata kama ni kidogo tu. Hapo ndio watu wanajidanganya. Mtu anakwambia mimi nakunywa soda moja tu kwa siku, ndio, lakini moja ya kunyonya kidogo kidogo kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa nane. Mate yanahitaji muda kurudisha mdomo mahali pake, na kila funda linaanzisha saa upya. Afadhali mtu wa chupa mbili anazimaliza na chakula cha mchana kuliko huyo.

Yule dereva wetu alipoandika tulipata jibu bila kutafuta sana. Miraa ya usiku, na soda kando yake ya kuondoa uchungu, funda moja moja kutoka Nakuru mpaka Kericho mpaka Kisumu na kurudi. Miraa inakausha mdomo, mate hayapo ya kupigana, alafu asidi na sukari zinaingia mahali pakavu. Sikuhukumu mtu hapa, kazi ya usiku ni ngumu, ila kama hutaacha miraa basi chupa iwe ya maji. Yeye alibadilisha hiyo kitu moja tu. Na watu wa boda na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, hizo pia zina asidi nyingi, za kopo na za chupa, hata zile zimeandikwa hazina sukari. Kutokuwa na sukari hakuondoi asidi.

Vitu vingine vya huku kwetu vya kuangalia: juisi ya ukwaju, juisi ya pasheni ya vibanda vya Kisumu wakati wa joto, nanasi la kukatiwa stendi, maembe mabichi na pilipili na chumvi ambayo watoto wa shule wanakula mpaka meno yanaingia ukakasi. Huo ukakasi usiuone kama mzaha, ni jino linakwambia uso wake umeguswa. Vidonge vya vitamini C vya kutafuna ama vya kumumunya ni asidi pia, kama lazima meza vile vya kumeza. Limau kwa samaki pale Dunga, ufuoni Kisumu, wala sina shida nayo, unakula mara moja, kuna mafuta, kuna ugali, kuna mate mengi, imeisha. Mursik na mala, yale maziwa ya kuganda, watu huuliza ju ni chachu, na kweli zina asidi, lakini zimejaa kalsiamu na fosfeti kiasi kwamba hazilambi jino venye soda inalamba. Kunywa. Maziwa pia, kunywa.

Sasa yangu. Mimi mwenyewe, nikiwa najua haya yote nusu nusu, nilikuwa na filingi ya glasi ayonoma kwa shingo ya jino la chini, pale karibu na ufizi. Ikaisha, nikaambiwa ni mimi napiga mswaki kwa nguvu, nikawekewa nyingine. Ikaanza kuisha tena. Kumbe kila asubuhi nilikuwa nakunywa maji moto na limau kikombe kizima, ile ya kupunguza tumbo, mnaijua, kila mtu ofisini alikuwa anaikunywa, alafu kwa vile nina haraka natoka hapo naenda moja kwa moja kupiga mswaki na brashi ngumu. Asidi inalainisha uso wa jino na wa filingi, mswaki unafagia. Ni kama kumwagia maji sakafu ya udongo alafu unaipiga ufagio wa makuti. Tumbo halikupungua pia.

Kwa hivyo huo ndio utaratibu ambao umenisaidia, na ndio daktari wetu alikuwa anarudia mpaka tukaujua kama wimbo. Piga mswaki kabla ya kitu chachu kuliko baada. Ukishakunywa, sukutua na maji ya kawaida ama ukunywe maziwa kidogo, alafu ngoja nusu saa, lisaa ukiweza, ndio uguse mswaki. Mswaki uwe laini, wa nywele zinazopinda. Kolgeti yoyote yenye floraidi ya kama 1,450 ppm, hiyo namba iko nyuma ya tyubu kwa maandishi madogo, na zile zina floraidi ya stanasi zinasaidia kidogo zaidi kwa mambo ya asidi. Ukimaliza tema, usisukutue na maji mengi. Makaa, majivu, chumvi, hizo za kusugua zinang'arisha siku mbili alafu zinabaki zimekwaruza kompositi yako mpaka inashika kila rangi ya chai. Na ile ya kuchanganya limau na magadi kusugua meno ndio mbaya kuliko zote, naomba tu.

Mrija wa kunywea unasaidia kama umeuingiza mpaka nyuma ya meno, ukiweka mbele unamwagia meno vizuri zaidi. Usisukutue soda mdomoni, kuna watu wana tabia ya kuizungusha mpaka gesi iishe. Na usiku baada ya mswaki wa mwisho ni maji tu, ju ukilala mate yanapungua sana na chochote ulichowacha kinafanya kazi bila mtu wa kukizuia.

Ya tumboni ni jambo la kupewa uzito wake. Asidi ya tumbo ni pH ya 1 ama 2, kali kuliko soda, na inakuja usiku ukiwa umelala. Kama una kiungulia kila mara, unaamka na ladha chungu kooni, ama sauti inakwaruza asubuhi, filingi haiwezi kukaa mpaka hiyo ipate daktari wa kawaida. Watu wengi huku kila maumivu ya tumbo wanaita alsa na wananunua dawa za kutafuna kwa duka, mwaka unaisha. Kula masaa mawili matatu kabla ya kulala, inua upande wa kichwa wa kitanda, na uende ukapimwe. Kwa mama mjamzito anayetapika, usipige mswaki hapohapo hata kama unasikia vibaya vipi, sukutua na maji uliyotia nusu kijiko cha chai cha magadi ya kuoka kwa gilasi moja, uteme, alafu ungoje. Na kama kuna kijana nyumbani anayejitapisha makusudi baada ya kula, meno ya mbele kwa upande wa nyuma yatasema kabla yeye hajasema, muongeleshe pole pole, hilo si jambo la kugombezana.

Watu wa Nakuru wenzangu, najua swali lenu. Maji yetu ya visima huku Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, mahali pengi inapita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo shirika la afya duniani linasema ndio mwisho, na ndio tunapata yale meno ya kahawia tunayochekwa nayo tukienda Mombasa. Sasa mtu anafunikiwa meno na kompositi nyeupe, anapendeza, alafu anaendelea kusugua limau kwa yale mengine yaliyobaki. Hiyo rangi iko ndani ya enameli, iliingia wakati jino linajitengeneza utotoni, limau haitaitoa, itayeyusha tu kilicho juu yake pamoja na mipaka ya zile kompositi mpya. Enameli yenye hiyo shida pia ni ngumu gundi kuishika, kwa hivyo mpaka wako umeanza na udhaifu tayari, na hupaswi kuuongezea. Na kolgeti ya floraidi kwa mtu mzima haitakuongezea kahawia, meno yako yalishamaliza kuumbwa. Ni watoto wadogo ndio wa kuangaliwa, waweke kidogo kama punje ya mchele na wasimeze, na muulize daktari kulingana na maji mnayokunywa.

Kitu kingine cha kliniki ambacho nilikuwa nakiona kinapita bila mtu kuuliza. Kuna jeli ya floraidi inayowekwa kwa trei ambayo yenyewe ni chachu, imetengenezwa na asidi kidogo ili iingie haraka, na hiyo inakwaruza glasi ayonoma, inakwaruza punje za glasi za kompositi nyingine, na inaondoa mng'ao wa kofia za kauri. Ukiwa na filingi nyingi nyeupe sema mapema, "Daktari, niko na filingi za rangi ya jino, kuna ile isiyo na asidi?" Ipo, ama anaweza kukupaka vanishi ya floraidi.

Ukifika kwa daktari usianze na "nataka ibadilishwe". Mwonyeshe picha zako na ile orodha ya siku nne, muulize kama inaweza kupigwa polishi, ama kuongezwa kiraka juu, ama kuzibwa ule mfereji peke yake. Mara nyingi inawezekana, na ni rahisi kwa mfuko pia. Ya kubadilishwa kweli utaijua: chakula kinakwama palepale kila siku, uzi wa meno unakatika ukipita, kipande kimetoka, kuna kivuli cheusi chini yake, ama kitu moto kinauma na maumivu yanabaki hata baada ya kumeza. Hiyo usingoje mwisho wa mwezi. Na kama mdomo wako ni wa asidi na shimo liko mahali panaonekana ama panapogongwa, uliza kama kompositi haiwezi kuwa bora kuliko glasi ayonoma, ama kuweka glasi ayonoma chini na kompositi juu kama mkate wa kupakwa, madaktari wengi wanafanya hivyo. Kama hamjamaliza ile shida ya asidi anaweza kukuwekea ya muda kwanza, usione anakuchezea.

Siku yenyewe ya kuwekewa, kompositi inakuwa ngumu kwa taa kwa hivyo unaweza kula ganzi ikiisha, usijitafune shavu tu. Glasi ayonoma ndio inataka heshima. Tulikuwa tunaipaka vaselini ama vanishi juu ju ikiwa changa haipendi maji wala kukauka, ule mpako usiukwangue na ulimi. Usile kitu kwa lisaa, na kwa saa ishirini na nne usitafunie upande huo kitu kigumu na usiipitishie chochote kichachu, hakuna soda, hakuna pasheni, hakuna limau hata ya chai. Inaendelea kukomaa ndani muda huo wote, na asidi ikiipata siku hiyo ya kwanza ndio inaimaliza kabisa.